Kulima, Kumiliki na Kutembea katika Kijiji Kimoja cha Bushi



Katika masomo ya jiografia tumejifunza mito mikubwa, migodi ya Katanga na bandari ya Matadi. Ni vizuri. Lakini mtu akituuliza, "Shamba ya baba yako, aliipata namna gani?" wengi wetu tunanyamaza. Ndiyo sababu leo tumechagua kusema juu ya kijiji kimoja cha vilima vya Walungu, katika Kivu ya Kusini, fasi ambayo haionekani kwenye ramani ya darasa letu. Mmoja wetu ni mtoto wa kule. Wakati wa likizo alitupeleka watu wanne, na mambo tuliyoyaona ndiyo somo hili.

Tuanze na njia. Kutoka Bukavu tulipanda kamiyo iliyobeba sabuni na chumvi mpaka soko la Mugogo, kwenye barabara ile inayoendelea Walungu na Mwenga. Pale gari inamaliza kazi yake, inabaki miguu. Mwenzetu alisema ni karibu. Tulitembea saa tatu. Njia ni nyembamba, inashuka bondeni, inavuka mto juu ya miti miwili, halafu inapanda tena. Tulikutana na akina mama wanashuka sokoni, muzigo mgongoni, mukaba kwenye paji la uso. Mama mmoja alitucheka, akauliza kama vifuko vyetu vinatushinda. Hatukujibu, maana vilikuwa vinatushinda kweli.

Hapa inapashwa kuelewa jambo moja ambalo vitabu vya hesabu havisemi. Mama yule akishusha maharagi mpaka barabarani, mnunuzi anajua hawezi kuyapandisha tena kilimani jioni. Kwa hiyo mnunuzi anangojea tu. Saa kumi bei inaanguka. Si kusema maharagi ni mabaya. Ni kilima ndicho kinachouza kwa bei ya chini.

Sasa kijiji chenyewe. Usitazamie nyumba zimepangwa mustari moja. Kila nyumba iko katikati ya migomba yake, hata jirani humuoni, unamsikia tu. Karibu na nyumba udongo ni mweusi, kwa sababu majivu, maganda na mavi ya mbuzi vinatupwa pale kila siku. Ukienda mbali kidogo, kwenye mutelemko, udongo ni mwekundu na mvua imekwisha kuuchukua; pale panapandwa muhogo, maana muhogo unavumilia. Wanalima maharagi na mtama kuanzia Septemba, wanalima tena Februari, na kiangazi kikifika, kuanzia Juni, wanashuka katika mabwawa kulima viazi na mboga. Wengi hawana hata hekta 1.

Mifugo ni kidogo. Ng'ombe ni ya wachache. Lakini watoto wana dende, wale wanyama wadogo wanaoishi jikoni na kula majani. Dada mdogo wa mwenzetu, wa miaka tisa, alikuwa nao kumi na mmoja, na alituambia wazi kwamba ni wake, si wa baba. Kalamu zake zinatoka mule.

Tufike sasa kwenye jambo lililotupeleka, ni kusema mali ya udongo. Siku ya pili tulimsaidia mama yake kulima shamba ya chini ya mto. Udongo ulikuwa muzuri sana, nasi tukauliza:

– Mama, mbona hapa haukupanda mugomba hata mmoja?

– Wanangu, hapa ni bwasa. Nikipanda mugomba, mwenye shamba atasema ninataka kumuibia udongo.

Jioni babu alitufasiria. Katika Bushi kuna njia tatu za kupata shamba. Ya kwanza ni kalinzi. Mtu alimwendea mwami, ao mkubwa aliyewekwa na mwami, akatoa ng'ombe, ao mbuzi na mitungi ya kasiksi (masomo yetu yanakataza kinywaji hicho, lakini historia ni historia), na mbele ya washuhuda akapewa kilima. Kalinzi inarithiwa, na mwenye nayo anapanda miti na kuzika watu wake pale. Yeye naye anabaki mutu wa mkubwa yule. Ya pili ni bwasa, yaani kukodi kwa musimu moja ao miwili. Unalipa kwa mazao, kwa kazi ao kwa franga, na unapanda tu vitu vinavyong'olewa upesi. Mugomba, kahawa, miti, hapana, kwa sababu mwenye kupanda mti ameonyesha kwamba atabaki. Ya tatu ni bugule, kununua kabisa, iliyokuja na franga wakati wa Wabelgiji.

Tena akina mama ndio wanaolima zaidi, lakini kalinzi inapita kwa mtoto mwanaume. Tulimuuliza babu kama ni haki. Alisema ni desturi. Hatukuridhika na jibu hilo, na hatuoni haya kuliandika hapa.

Juu ya desturi hizi iko sheria ya Leta. Comité National du Kivu, iliyoundwa mwaka 1928, ilikuwa imekwisha kugawia wazungu vilima vikubwa kwa kulima kahawa, chai na kinkina. Tarehe 20 Julai 1973 sheria mpya ilisema udongo wote wa nchi ni mali ya Leta peke yake. Kifungu 389 kiliahidi kwamba haki za watu wa vijiji juu ya mashamba yao zitapangwa na agizo la Rais. Miaka 40 ilipita, agizo hilo halikutoka. Na mwezi wa Novemba wa mwaka ule ule 1973, mashamba ya wageni yalipokamatwa, yalipewa wakubwa wapya. Wenye kulima walibaki wenye kulima.

Matokeo yake tuliyaona kwa macho. Jirani mmoja alirithi kalinzi ya babu yake. Siku moja walikuja watu na kamba ya kupima, wakasimika mawe. Kumbe mutu wa mjini, jina hatutaliandika, alikuwa amepata setifika ya Leta juu ya kilima kizima. Kwa sheria, kabla ya kutoa karatasi kama ile, inapashwa kwanza kufika, kuandika watu na miti iliyoko, na kusikiliza wenye kudai. Jirani alisema hakuna aliyemuuliza neno. Hakufukuzwa. Aliambiwa tu: endelea na maharagi, lakini usipande tena miti. Yaani kalinzi yake iligeuka bwasa, na hakuna aliyemuonyesha siku gani iligeuka.

Halafu babu akamutazama mwenzetu, akanyosha fimbo. "Migomba ile ya kule ndiyo mwaka wako wa kwanza wa masomo. Ile ya karibu na mto, mwaka wa tatu." Baba yake aliuza vipande viwili kwa kulipa minervali. Mwenzetu hakuwa anajua. Usiku ule hakusema sana, nasi pia tulianza kuhesabu mashamba ya kwetu.

Kazi ya likizo, basi, kwa kila mwanafunzi: uliza nyumbani kama mashamba yenu ni kalinzi, bugule ao bwasa. Ilitolewa nini, na nani, mwaka gani? Mipaka ni mti gani, mto gani? Washuhuda ni nani, na wangapi wanaishi? Andika katika daftari, na wenye kujua watie sahihi. Daftari si setifika, lakini siku watu wa kupima watakapokuja, utakuwa na kitu cha kuwasomea.

Sisi tulianza kesho yake asubuhi. Babu alitangulia, mvua ikitunyeshea, akigusa kila mti wa mpaka na fimbo, mwenzetu akiandika chini ya jani la mugomba. Washuhuda walikuwa watatu. Mmoja yuko mzima, anakaa ng'ambo ya mto. Wa pili mzee sana, lakini anakumbuka hata rangi ya ng'ombe. Wa tatu amekufa, na mtoto wake alikwenda Kamituga kutafuta dhahabu. Huyo bado tunamtafuta.