Sarafu ya Dhahabu ya Tabora: Namna ya Kukadiria Thamani Yake

Tuchukue mfano, wasomaji. Mzee mmoja amefariki dunia, naye amewaachia wanawe watatu shamba, ng'ombe wachache, na kijisanduku kilichofungwa kwa kamba. Shamba wamekwisha kuligawana, na ng'ombe wamehesabiwa mbele ya wazee. Lakini ndani ya kijisanduku imeonekana sarafu moja ya manjano yenye picha ya tembo. Kaka mkubwa asema ipelekwe kwa sonara mjini iyeyushwe, na fedha zigawanywe mara tatu. Wa pili asema ni shaba tu, apewe mtoto achezee. Wa tatu amesikia kwamba sarafu za namna hiyo huuzwa Ulaya kwa bei kubwa, na sasa awashuku ndugu zake kwamba wataka kumpunja. Ni nani kati yao aliye na haki? Hawawezi kujua, wala wazee hawawezi kuwaamua, mpaka thamani ya kitu chenyewe ikadiriwe kwa njia inayoeleweka na wote. Njia hiyo ndiyo somo letu.

Sarafu hii ilitoka wapi

Vita Kuu ilipoanza mwaka 1914, nchi iliyoitwa baadaye Tanganyika ilikuwa chini ya Wajerumani. Manowari za Waingereza zilizuia meli zisifike pwani, hata sarafu mpya hazikuweza kuletwa kutoka Ulaya. Serikali ya Wajerumani ikapungukiwa na fedha za matumizi yake. Kwanza ilichapa noti papo hapo nchini. Kisha mwaka 1916 ikafanya sarafu Tabora, katika karakana ya reli. Dhahabu ilitoka katika mgodi wa Sekenke, nchi ya Iramba. Zilifanywa sarafu za dhahabu 16,198, kila moja ya rupia 15. Mwezi wa Septemba mwaka uo huo majeshi ya Wabelgiji yaliuteka mji wa Tabora, na kazi ile ikawa imekwisha.

Maelfu ya askari na wapagazi kutoka Kenya waliingia katika nchi ile wakati wa vita. Kwa hiyo si ajabu ikiwa sarafu ya Tabora itaonekana leo katika sanduku la mzee wa upande huu wa mpaka.

Hatua ya kwanza: kuitambua

Sarafu hii ni ndogo. Upana wake ni kama milimita 22. Upande mmoja ina tembo aliyeinua mkonga, na nyuma yake mlima. Chini umeandikwa mwaka 1916 na herufi T, alama ya Tabora. Upande wa pili ina tai wa Kijerumani, na maneno Deutsch Ostafrika na 15 Rupien.

Hapa ndugu yetu wa pili asichekwe, maana hofu yake ina msingi. Katika mwaka ule ule Tabora ilitoa pia sarafu za shaba ya manjano, za heller 5 na heller 20, zenye herufi T vilevile. Neno hilo heller ndilo lililotupa neno letu "hela". Sarafu hizo hung'aa zikisuguliwa, lakini zina taji wala hazina tembo. Vyote ving'aavyo usidhani ni dhahabu. Wala sumaku haitatusaidia hapa, kwa kuwa haivuti dhahabu wala shaba. Kitakachotusaidia ni mizani.

Hatua ya pili: thamani ya madini

Sarafu ya Tabora iliyo kamili ina uzito wa gramu 7.168. Kipande cha shaba ya manjano chenye ukubwa ule ule kingekuwa na uzito uliozidi kidogo tu nusu ya huo. Kwa hiyo sarafu iliyo nyepesi mno ni ya kutiliwa shaka mara moja. Sonara akipima kwa tola, kumbuka kwamba tola moja ni gramu 11.66.

Lakini gramu zote hizo si dhahabu safi. Katika kila sehemu 1,000 za sarafu hii, sehemu 750 ni dhahabu na zilizobaki ni madini mengine. Masonara huiita dhahabu ya karati 18. Basi hesabu yake ni hii:

7.168 × 750 ÷ 1,000 = gramu 5.376 za dhahabu safi.

Zidisha gramu hizo kwa bei ya gramu moja ya dhahabu safi siku hiyo. Kwa mfano wa hesabu tu, tuseme bei ni shilingi 10,000 kwa gramu. Thamani ya madini itakuwa shilingi 53,760, na kila ndugu angepata shilingi 17,920. Bei ya dhahabu hupanda na kushuka kila siku, kwa hiyo iulizwe siku ile ile ya kupima. Ikiwa imetajwa kwa wakia, igawanye kwa 31.1 upate bei ya gramu moja.

Thamani hii ndiyo sakafu. Mwenye sarafu ya kweli asikubali kushuka chini yake, ila kwa ujira mdogo wa sonara. Lakini asidhani kwamba sakafu ndiyo nyumba nzima.

Hatua ya tatu: thamani iliyoandikwa

Sarafu imeandikwa rupia 15, na zamani zile rupia 15 zilihesabiwa sawa na mark 20 za Ujerumani. Sasa, sarafu ya dhahabu ya mark 20 iliyofanywa Ujerumani kwenyewe ilikuwa na gramu 7.168 za dhahabu safi, na sarafu ya Tabora ilikuwa na gramu 5.376 tu. Maana yake ni kwamba hata siku ile ilipotoka karakanani, robo ya thamani yake haikuwa dhahabu. Ilikuwa ni ahadi ya serikali iliyoitoa. Serikali ile ilipoondoka, ahadi ikaondoka nayo, na leo hakuna benki itakayoipokea kwa rupia 15. Basi thamani hii twaweza kuiandika sifuri na kuendelea mbele.

Hatua ya nne: thamani ya uchache

Hapa ndipo palipo na tofauti kati ya sonara na mkusanyaji wa sarafu. Sonara hununua gramu. Mkusanyaji hununua tembo, herufi T, na mwaka 1916. Hutafuta kitu kilichofanywa mahali pamoja, kwa mwaka mmoja, katika shida ya vita, kisha kisifanywe tena.

Lakini na tujihadhari: umri si uchache. Wengi wetu tumeona riale ya fedha yenye sura ya Maria Theresa, malkia wa Austria, iliyotumika sana pwani yetu. Imeandikwa mwaka 1780, na mwenye nayo hudhani ana hazina. Kumbe riale hizo ziliendelea kufanywa kwa mwaka ule ule baada ya malkia kufa, tena katika miji mingi, hata zikawa nyingi mno. Kwa hiyo riale iliyo nyingi haizidi sana bei ya fedha iliyomo, ingawa mwaka ulioandikwa juu yake ni wa zamani kuliko ule wa sarafu ya Tabora. Uchache nao hautoshi peke yake. Sharti wawepo watu wanaokitafuta kitu hicho.

Mambo matatu huongeza au kupunguza thamani hii. La kwanza ni hali ya sarafu. Iliyotobolewa ivaliwe shingoni, au iliyotiwa kitanzi, hupoteza sehemu kubwa ya bei. Kadhalika iliyosuguliwa kwa majivu au dawa, maana kuisugua huondoa alama ndogo ambazo mnunuzi huzitazama kwa kioo cha kukuzia. Ishike kwa ukingo, uifunge katika karatasi safi, uiache ilivyo. La pili ni aina yake, kwa kuwa ziko aina mbili zinazotofautiana kwa pambo dogo karibu na neno Ostafrika. La tatu ni ukweli wake. Kitu kinachotafutwa hughushiwa, na mghushi aweza kutumia hata dhahabu halisi. Kwa hiyo mizani peke yake haitoshi. Sharti mtu mjuzi wa sarafu aitazame.

Ukiuliza bei, uliza wawili au watatu wasiojuana. Usiulize ni kiasi gani watu wanadai kwa sarafu kama hiyo, bali ni kiasi gani kimelipwa mnadani kwa sarafu ya aina ile ile na hali ile ile. Kisha utoe ujira wa dalali.

Turudi kwa ndugu watatu

Sasa twaona kosa la kila mmoja. Wa pili alihukumu kabla ya kupima. Wa tatu alishuku kabla ya kuhesabu. Lakini kosa la kaka mkubwa ndilo la hatari kuliko yote, kwa kuwa sarafu ikiisha kuyeyushwa, thamani ya uchache imekufa, na hakuna awezaye kuifufua.

Wafanye hivi. Waipime mbele ya wazee, waandike uzito, waipige picha pande zote mbili, na waandike jina la mtu atakayeitunza. Mali bila daftari hupotea bila habari. Bei ikijulikana, waiuze na kugawana. Au mmoja aichukue kwa ukumbusho wa baba na kuwalipa wenzake mafungu yao kwa bei ile iliyokadiriwa. Wakitaka kuiuza nje ya nchi, waulize sheria kwanza. Kwa njia yo yote watakayochagua, hesabu itakuwa wazi, na undugu wao utabaki.

Hesabu ya kujizoeza

Mtu ana riale 3 za Maria Theresa. Kila moja ina uzito wa gramu 28.07, na katika sehemu 1,000 fedha safi ni 833. Je, ana gramu ngapi za fedha safi?

Jibu: kama gramu 70. Lakini kabla ya kuziuza kwa uzito, na azitazame vizuri moja moja, maana ziko chache za zamani zenye alama ambazo wajuzi huzitafuta.