Picha na Uhai

Ndugu mwanafunzi, mwezi wa Oktoba 2018 mume na mke walianguka kutoka jabali la Taft Point, katika hifadhi ya Yosemite nchini Marekani, mahali wapiga picha wanapopapenda kwa mandhari yake. Wote wawili walifariki.

Anayetazama kwenye kamera haioni miguu yake. Hurudi nyuma hatua moja ili mlima wote uenee pichani, na nyuma hakuna ardhi.

Tena picha nyingine hudanganya. Kwenye jiwe la Pedra do Telégrafo, karibu na Rio de Janeiro, watu huonekana wakining'inia juu ya bahari, kumbe ardhi iko chini kidogo tu ya miguu yao! Kijana akiiga hayo kwenye jabali la kweli, nani atamdaka?

Sasa tutazame mas-ala yenyewe. Katika safari ya vita vya Dhatus-Salaasil, mwaka wa 8 Hijria, Amr bin Al-Aas (r.a.) alipatwa na janaba usiku wa baridi kali. Akahofia kwamba akioga atakufa, akatayamamu, akawasalisha wenzake. Mtume (s.a.w.) alipoelezwa sababu alicheka, wala hakumkemea. Kuoga janaba ni faradhi, nayo iliachwa kwa kuhofia uhai. Je, picha ina hukumu gani mbele ya faradhi?

Nanyi wazazi, mkitembea na vijana milimani au ufukweni, mmoja wenu asishike kamera. Kazi yake iwe kutazama ukingo na mawimbi.