Rangi Haifichi Kosa: Jinsi ya Kupaka Rangi Ndege ya Mfano

Siku ya maonyesho ya shule wengi wenu mliizunguka ndege yangu ya mfano mkiniuliza, "Rangi ile uliipakaje?" Nilijibu mpaka sauti ikakauka. Mhariri amenipa ukurasa huu nijibu mara moja kwa wote. Basi karibuni.

Ndege yenyewe ni Airbus A310-300 ya Kenya Airways, ile iliyoitwa "Harambee Star" na kubeba namba 5Y-BEN. Iliundwa mwaka 1986. Urefu wake ulikuwa karibu mita 46.7, na mabawa, toka ncha hadi ncha, karibu mita 43.9. Nilichagua kipimo cha 1 kwa 30, yaani sentimita 30 za ndege halisi ni sentimita 1 kwangu. Hivyo mfano una urefu wa sentimita 156 na mabawa ya sentimita 146. Kwa vyumba vyetu vya Umoja, huo ni mgeni mkubwa. Ilibidi niitundike kwenye dari, nami nikalala chini yake.

Mwili niliuunda kwa katoni iliyozungushiwa mbavu za plaiwudi. Pua, mabawa na mkia nilivichonga kwa ile foamu nyeupe inayofungiwa televisheni.

Somo la kwanza: ziba kabla ya kupaka. Mimi nilidhani rangi ni blanketi, kwamba itafunika kila kitu. Nikanunua kopo la rangi ya gari ya kupuliza, nikaielekeza kwenye pua. Lo! Pua ikaanza kunywea mbele ya macho yangu kama andazi lililotolewa mafutani kabla ya kuiva. Nilikimbia kwa fundi mmoja anayepaka matatu rangi karibu na steji. Alicheka kwanza, ndipo akanifundisha.

"Kijana, thina inakula foamu. Hukuambiwa?"

Dawa yake ni hii. Chukua gundi nyeupe ya mbao, ichanganye na maji kidogo, upake mara mbili. Ikikauka, paka rangi ya maji ya ukutani mara mbili, usiache hata tundu dogo, kisha ngoja siku nzima. Mashimo yajaze kwa puti. Piga msasa namba 120, kisha 240. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Mimi nilijenga pua upya.

Somo la pili: praima ndiyo mwalimu mkali. Puliza praima ya kijivu, halafu zima taa ya chumba na umulike tochi kutoka ubavuni. Kila bonde na kila mkwaruzo utauona kwa kivuli chake. Usikasirike. Rudi kwenye puti, rudi kwenye msasa, sasa namba 600 uliolowanishwa kidogo tu, maana chini yake kuna katoni. Mimi nilirudi mara tatu.

Somo la tatu: rangi nyeupe. Vumbi la mtaani kwetu mnalijua. Mchana upepo ukivuma, ndege nyeupe hugeuka chapati iliyoangukia mchanga. Nilipanda juu ya ploti alfajiri, kabla upepo haujaamka, nikamwagia sakafu maji ili vumbi litulie. Kwanza niliomba majirani waanue nguo zao, maana rangi haibagui shati. Funika pua na mdomo, na usipulizie ndani ya chumba. Shika kopo umbali wa sentimita 25 hivi. Anza kupuliza nje ya mfano, upite juu yake, umalizie nje. Tabaka ziwe nyembamba, na kati ya tabaka na tabaka ngoja kama maelekezo ya kopo yasemavyo. Ukitaka iwe nyeupe kwa mara moja, itatiririka machozi.

Somo la nne: mistari. Bandika utepe wa karatasi wa mafundi rangi, ukandamize ukingo wake kwa ukucha. Kisha, hii ndiyo siri ya fundi wa matatu, pitisha tena nyeupe kidogo juu ya ukingo huo kabla ya rangi nyingine. Kama kuna mwanya, nyeupe itauziba, na nyekundu haitapata njia ya kupenya. Utepe uondoe polepole, ukiukunja kurudi nyuma.

Somo la tano: vitu vidogo. Mwanya wa sentimita 1 kwenye ndege halisi ni thuluthi ya milimita kwenye kipimo hiki. Kwa hiyo maungio ya mabati usiyachore kwa kalamu nyeusi. Tumia penseli ngumu iliyochongwa vizuri, uguse tu. Ukingo wa mbele wa mabawa niliuvika foili ya jikoni, uonekane chuma kitupu.

Nikadhani nimemaliza. Mkiani nilikuwa nimechora ile herufi K ndani ya Q, safi kabisa, na nyuma ya injini na tumboni nikapaka masizi mengi ili ionekane imesafiri. Jirani yetu, mzee aliyefanya kazi ya kuosha ndege kule uwanjani Embakasi, akaja kuitazama. Alisoma jina ubavuni, akanyamaza kitambo.

"Kazi nzuri, mwanangu. Lakini alama hii ya mkiani ilikuja yeye ameshakwenda."

Nikamuuliza, "Amekwenda wapi, Mzee?"

Ndipo nikajua. Usiku wa tarehe 30 Januari 2000, Harambee Star iliruka kutoka Abidjan, na muda mfupi tu baadaye ikaanguka katika bahari ya Atlantiki. Ndani walikuwamo watu 179. Waliopona walikuwa 10. Alama ya K ndani ya Q ilianza mwaka 2005. Kabla ya hapo mkia ulikuwa na herufi KA, na mistari minne ilikimbia urefu wote wa mwili.

"Na haikuwa chafu hivi," akaongeza. "Tuliiosha sisi. Ukiandika jina lake, mvalishe nguo zake."

Ningeweza kufuta jina tu, niendelee na maisha. Zilibaki siku sita kabla ya maonyesho. Nilichukua msasa. Jioni nne nilikwangua, nikapaka nyeupe upya, nikabandika utepe na kuchora mistari minne, safari hii nikiwa na picha ya zamani mkononi wala si kwa kukisia. Masizi nikayapunguza, nikaacha kivuli kidogo tu nyuma ya injini.

Kwa hiyo, mwenzangu, kabla hujanunua rangi, jiulize: hii ni ndege gani, ya mwaka gani? Tafuta picha yake. Muulize aliyeiona.

Siku ya maonyesho Mzee alikuja amevaa koti. Hakusema mengi. Alitoa kitambaa mfukoni, akapangusa vumbi kwenye bawa.