Siku ya Nane Nyumbani kwa Zakaria

JUMANNE

Soma Luka 1:57–66. Ni nani waliotaka kumpa mtoto jina, na ni kwa sababu gani walilipinga jina alilolitaja Elisabeti?

______________________________________________

Torati iliagiza mtoto wa kiume atahiriwe siku ya nane (Walawi 12:3), na siku hiyo majirani na jamaa walikusanyika wakiwa na jina tayari: Zakaria, kama baba yake. Hawakuwa na nia mbaya. Mzee yule alikuwa amengoja mtoto mpaka uzeeni, na sasa alikuwa bubu. Kumpa mtoto jina lake ilikuwa njia ya kumheshimu. Mama akakataa. Hoja waliyomjibu inasikika katika koo nyingi hata leo, kwamba jina hilo halimo katika jamaa. Kisha wakamwacha Elisabeti na kumgeukia mumewe kwa ishara, kana kwamba neno la mama halitoshi. Zakaria akaomba kibao, akaandika jina lile lile alilolisema mkewe.

Angalia kwamba malaika alimtajia jina hilo Zakaria hekaluni (Luka 1:13). Luka hasemi Elisabeti alilijuaje. Yaelekea mumewe alikuwa amemwandikia. Kwa vyovyote, wageni walipofika, wawili hao walikuwa na neno moja. Wazazi wengi huanza mazungumzo haya wakiwa wametoka wodini, wakati bibi wa upande mmoja ameshatangaza jina na shangazi wa upande mwingine ameshanuna.

Soma Mhubiri 9:5, 6 na Zaburi 146:4. Mafungu haya yanasema nini kuhusu uwezo wa wafu kudai jambo lolote kwa walio hai?

______________________________________________

Miongoni mwa Wakikuyu, mtoto wa kwanza wa kiume huitwa jina la babu yake mzaa baba. Kwa Wajaluo, pamoja na majina ya saa ya kuzaliwa kama Otieno (usiku) na Akinyi (asubuhi), mtoto huweza kupewa jina la marehemu aliyemtokea mtu katika ndoto. Na katika makabila mengi, mtoto mchanga akilia usiku baada ya usiku, wazee husema analilia jina. Hapa ndipo familia ya Kiadventista inapojaribiwa. Kumwita mtoto kwa jina la babu kwa heshima na shukrani si kosa. Hakuna Andiko linalokataza. Jambo hubadilika pale jina linapotolewa kwa hofu, ili marehemu atulie asimdhuru mtoto. Wafu hawajui neno lolote. Hawakasiriki, hawaombi jina, wala hawamlizi mtoto. Mtoto anayelia hivyo huenda ana homa au anaumwa sikio, na usiku unaotumika kuita majina ya ukoo mmoja baada ya mwingine ni usiku ambao hakupelekwa zahanati.

Soma Mwanzo 35:16–19 na 1 Nyakati 4:9, 10. Linganisha Benyamini na Yabesi. Kuna tofauti gani katika yaliyofuata baada ya kupewa majina yao?

______________________________________________

Raheli alikuwa anakata roho alipomwita mwanawe Benoni, yaani mwana wa huzuni yangu. Yakobo alimpenda mke huyo kuliko wote, lakini hakukubali mtoto abebe kifo cha mama yake kila anapoitwa. Akamwita Benyamini, mwana wa mkono wa kuume. Katika rejista za makanisa yetu wamo akina Shida, Tabu, Mashaka na Masumbuko. Majina hayo hueleza yaliyowapata wazazi: njaa, msiba, ndoa iliyovunjika. Mzazi anayetaka kufanya kama Yakobo anafanya vyema.

Lakini Yabesi, ambaye mama yake alimpa jina la uchungu, hakubadilishwa jina. Alimwomba Mungu, na Mungu akampa alichoomba. Kwa hiyo ndugu aitwaye Tabu asiambiwe kwamba ana laana ya kuvunjwa kwa maombi maalumu. Mahubiri ya namna hiyo yamezagaa siku hizi, nayo hayana msingi katika Maandiko.

Vilevile wapo wanaodhani kwamba jina la kikabila ni la kipagani, na kwamba mtu hawezi kubatizwa mpaka atafute la Kizungu. Jina la Epafrodito (Wafilipi 2:25) limetokana na mungu wa kike wa Wayunani, Afrodite. Jina la Apolo (Matendo 18:24) nalo linatokana na mungu wao mwingine. Paulo alimwita Epafrodito ndugu na askari mwenzake, na hakuna mahali alipomtaka abadili jina.

Maswali ya Kujadili

1. Kwa nini jamaa walimwuliza Zakaria hata baada ya Elisabeti kujibu? Katika kanisa lenu, mama ana sauti gani katika jambo hili?

2. Mshiriki kijana anamwambia mzee wa kanisa kwamba mtoto wake wa wiki 3 analia kila usiku. Mama mkwe, ambaye si Mwadventista na ndiye anayewahifadhi nyumbani kwake, anadai mtoto apewe jina la marehemu mumewe. Kijana huyo alimpenda baba mkwe wake, na jina lenyewe halina ubaya. Mnamshauri nini, na mama mkwe aelezweje bila kudharauliwa?