Mama anasema ana utando machoni

Shangazi, mama yangu ana miaka 67, anaishi Korogwe. Tangu mwaka jana analalamika macho yamefunikwa na utando. Jirani anamjua mzee anayeutoa kwa maji ya majani. Mjomba anasema tusubiri ukomae ndipo apasuliwe. Nifanye nini?
Mwanawe, Tanga

Mwanangu, la kwanza, asitiwe majani machoni hata tone moja. Yanaweza kuchubua kioo cha jicho na kuacha kovu, na hapo ndipo atapata utando wa kweli.

Kila kitu tunakiita utando. Aliyeota kinyama kwenye kona ya jicho ana utando, mwenye kovu ana utando, na mwenye mtoto wa jicho naye ana utando. Kwa umri wa mama, na kwa jinsi hali ilivyomjia polepole, nahisi ni mtoto wa jicho, ingawa atakayethibitisha ni mpimaji. Mtoto wa jicho hakai juu ya jicho hata asuguliwe. Ni lenzi ya ndani, nyuma ya mboni, iliyoingia ukungu. Hakuna matone yanayoisafisha. Daktari huitoa na kuweka ya bandia, mara nyingi kwa ganzi ya jicho tu, na wengi hulala kwao siku hiyohiyo.

Mjomba hakubuni. Zamani, upasuaji ulipokuwa wa namna nyingine, wagonjwa waliambiwa wasubiri kweli. Leo, mama akishindwa kuchambua mchele au akimtambua mgeni kwa sauti tu, wakati umefika. Akichelewa sana, lenzi huweza kuvimba na kupandisha presha ya jicho. Tena presha ya macho huweza kumpata mtu hata bila mtoto wa jicho. Hula uoni kimyakimya, na kilicholiwa hakirudi. Kwa hiyo apimwe mwezi huu, na sukari ipimwe pia. Jicho likiwa jekundu na kuuma, msingoje hata kesho.

Anzeni hospitali ya wilaya. Ikibidi watawapa rufaa ya hospitali ya Bombo, Tanga, au KCMC, Moshi. Ila kabla ya safari, kaa na mama umuulize anaogopa nini. Wazee wengi hudhani jicho litang'olewa, lisafishwe, lirudishwe. Halitoki mahali pake, mwambie hivyo. Na uombe ruhusa kazini: baada ya upasuaji atahitaji mtu wa kumtilia matone kwa wiki kadhaa, na ningependa mtu huyo awe wewe.