Somo la Umeme: Waya wa Bahari na Jua Letu

Ndugu Wanachama,

Wengi wetu tunatumia umeme, lakini wachache hujiuliza unatoka wapi. Kwa hivyo tumeona ni kheri safari hii tulifanye jambo hilo kuwa somo.

Zamani Pemba ilitegemea mashine za dizeli za Wesha. Mwaka 2010 tuliunganishwa na Tanga kwa waya uliopita chini ya bahari, wenye uwezo wa megawati 20. Wenzetu wa Unguja walipata waya wa kwanza mwaka 1980, na wa pili, wa megawati 100, mwaka 2013.

Nchi ikikua, mahitaji hukua nayo. Skuli, hoteli, pampu za maji, majokofu ya samaki, vyote vyataka umeme. Hiyo ni neema, lakini kutegemea njia moja ni khatari. Mwaka 2008 umeme wa kutoka bara ulikatika, Unguja ikakaa kiza kiasi cha mwezi mmoja. Ulikatika tena Disemba 2009, usirudi mpaka Machi 2010. Pampu zilisimama, watu wakahangaikia maji.

Na huko bara umeme mwingi hutokana na maji. Bwawa la Julius Nyerere katika mto Rufiji lina mitambo 9 ya megawati 235 kila mmoja, jumla 2,115. Hiyo ni hazina kubwa. Lakini mito hutegemea mvua. Mwaka 2022, kabla bwawa hilo halijaanza kazi, ukame ulileta mgao wa umeme.

Basi tutazame jua, ambalo sisi wakulima wa karafuu tunalijua vyema. Yuniti moja ya umeme ni wati 1,000 kwa saa moja. Pasi ya wati 1,000 huimaliza kwa saa hiyo moja. Taa ya wati 10 huwaka nayo saa 100. Paneli ya wati 100, ikipata jua kali saa 5, hutoa nusu yuniti.

Ila jua ni la mchana, na haja kubwa ya taa huanza baada ya magharibi. Umeme ni kama karafuu mbichi: usiposhughulikiwa siku ile ile, hupotea. Ghala lake ni betri, na betri huchakaa kabla ya paneli.

Hatusemi waya uachwe. Tunasema jua liwe pamoja nao: mchana jua lifanye kazi, usiku waya, na siku waya ukikatika nyumba isikose taa wala kisima pampu.

Anayetaka kununua paneli, kwanza aandike vyombo vyake, wati za kila kimoja na saa anazokitumia, kisha azidishe na kujumlisha. Asinunue kwa kuona jirani kanunua. Na aulize dhamana ya betri kabla ya kutoa fedha.

Zoezi: Nyumba ina taa 4 za wati 10, zinazowaka saa 6 kila usiku. Je, paneli tuliyoitaja itatosha? Tuletee jawabu mkutanoni.

Wasalaam,
Katibu