Mgongo Unaouma Baada ya Kujifungua: Huenda ni Ufa wa Mfupa

Mama aliyejifungua karibuni akisema mgongo unamwuma, wengi humjibu, "Ndiyo uzazi huo, utazoea." Wengine humwita mvivu. Leo tujifunze sababu moja isiyojulikana sana: ufa wa mfupa.

Kwanza tuelewane. Maumivu mengi ya mgongo baada ya kujifungua si ufa. Viungo vya nyonga hulegea wakati wa mimba, kisha hukaza polepole. Ufa hutokea mara chache, lakini mama akiendelea kubeba mizigo hautapona upesi.

Chukua waya. Ukiukunja mara moja haukatiki. Ukunje na kuukunjua mara nyingi, utakatika tu. Mfupa nao waweza kupata ufa hivyo hivyo, bila mama kuanguka wala kupigwa. Hasa ni ule mfupa mpana ulio chini ya uti wa mgongo, katikati ya nyonga. Huo ndio unaopokea uzito wa kiwiliwili.

Mbona wakati huo? Maziwa ya mama yana madini ya kujenga mifupa ya mtoto. Sehemu ya madini hayo hutoka katika mifupa ya mama mwenyewe, nayo hupungua nguvu kwa miezi kadhaa. Baadaye madini hurudi, kwa hiyo usimwachishe mtoto ziwa kwa hofu.

Dalili ni maumivu chini ya mgongo au takoni, mara nyingi upande mmoja. Huzidi mama akisimama au akitembea, hupungua akilala. Nenda kituo cha afya. Picha ya eksirei yaweza isionyeshe ufa; maumivu yakiendelea, rudi ukaseme. Miguu ikikosa nguvu, mkojo ukishindwa kuzuilika, au homa ikipanda, nenda siku hiyo hiyo.

Dawa kubwa ni kuupumzisha mfupa, kwa kawaida wiki 6 hadi 12. Hapa nasema na akina baba. Ndoo ya lita 20 ina kilo 20 za maji. Mtoto yuko mgongoni. Bado kuni! Mfupa utaunga saa ngapi? Kumkanda mama kwa maji ya moto kwaweza kutuliza misuli, lakini hakuungi ufa. Apate maziwa, au dagaa wanaoliwa na mifupa yao.

Maswali
1. Ufa huzidi kuuma wakati gani?
2. Kwenu nani atachota maji mama akiambiwa apumzike wiki 8?